Kuchora kutoka kwenye foto: mwongozo kwa mchoraji anayefanya kazi na kamera

Kiswahili kina neno moja, picha, kwa kazi ya mchoraji na kwa kazi ya mpigapicha, lakini vitenzi havichanganyiki: moja huchorwa, nyingine hupigwa. Inayopigwa humalizika mara moja, ilhali inayochorwa huchukua siku au wiki, na mchoraji huweza kubadili nia yake njiani. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuchora kwa kutegemea iliyopigwa, na ili tusipotezane nitaiita kazi ya kamera foto na kazi ya brashi mchoro.

Kwanza tuondoe aibu. Wanafunzi wengi wa uchoraji huficha foto walizotumia kana kwamba wameibia mtihani. Gerhard Richter, Mjerumani aliyezaliwa Dresden mwaka 1932, alianza kuchora foto za magazetini na za kifamilia mwaka 1962 bila kuficha chochote, na foto alizokusanya amezipanga katika kazi kubwa iitwayo Atlas, iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lenbachhaus mjini Munich. Mwaka huohuo msanii wa Marekani Andy Warhol alianza kuchapa foto moja kwa moja juu ya kanvasi kwa skrini ya hariri, yaani kitambaa chembamba kinachopitisha wino. Suala la kama jambo hili linaruhusiwa lilikwisha zamani. Linalobaki ni gumu zaidi: mchoro wako utafanya nini ambacho foto haikufanya? Ikiwa huna jibu lolote, hata la kukisia, ichapishe foto, uitundike ukutani, na uokoe rangi yako.

Isome foto kabla ya kuishika brashi

Foto huonekana kama ukweli mtupu, kumbe ni maamuzi ya lenzi na ya programu iliyomo ndani ya simu. Lenzi kuu ya simu nyingi huona upana mkubwa, hivyo mtu akipigwa kwa karibu, pua hukua, masikio hurudi nyuma, na paji la uso huvimba. Ukinakili sura hiyo kwa uaminifu utapata mchoro ambao ndugu wa mtu huyo watautazama na kusema hafanani, nao watakuwa na haki. Tiba yake ni kurudi nyuma kiasi cha mita mbili, kupiga, kisha kukata kingo za foto baadaye.

Kasoro ya pili ni ya mwanga, na kwetu ina uzito wa pekee. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga la mchana, kamera hupima weupe ule na kuutia uso gizani. Panapobaki doa jeusi kwenye foto, palikuwa na kahawia, wekundu wa joto chini ya shavu, na ubuluu hafifu ulioakisiwa na anga kwenye paji la uso. Mchoraji anayeitegemea foto peke yake huchota rangi nyeusi kutoka kwenye tyubu na kuipaka hapo, na uso hugeuka shimo. Kwa hiyo, kabla ya mtu kuondoka, mwombe akae dakika ishirini, uchanganye rangi zake mbele yake, na uzipake kama viraka kwenye kipande cha karatasi ngumu pasipo kujali umbo. Foto itakutunzia umbo, karatasi hiyo itakutunzia rangi. Kama mtu mwenyewe hayupo tena, tafuta mwenye ngozi inayokaribiana na yake umketishe katika mwanga unaofanana.

Foto bora kuliko zote ni ile uliyoipiga wewe ukiwa tayari unawaza kama mchoraji, yaani ukiwa umechagua dirisha, nguo na kilicho nyuma. Deni hapa lina pande mbili. Jeff Wall wa Kanada alipanga foto yake ya mwaka 1979, yenye mwanamke mbele ya kioo na kamera katikati, akiwa na mchoro wa Mfaransa Manet wa baa ya Folies-Bergère mjini Paris akilini. Na nani asiyezijua studio zetu za pwani, ambamo mteja alisimama mbele ya pazia lililochorwa meli, ndege au bustani? Mchoro ulikuwa ndani ya foto hata kabla ya kitufe kubonyezwa.

Kuhamisha umbo

Njia ya miraba ndiyo rahisi na haihitaji umeme. Chapisha foto kwa sentimita 20 kwa 25, uigawe kwa penseli katika miraba ya sentimita 2.5, nawe utapata miraba 80. Chukua kanvasi ya sentimita 80 kwa 100, uigawe katika miraba ya sentimita 10, kisha uchore mraba mmoja mmoja. Geuza foto na kanvasi juu chini kwa muda. Macho yataacha kuona pua na kuanza kuona mistari, na mistari ndiyo unayoitaka. Projekta huharakisha kazi, lakini iwekwe sawasawa mbele ya kanvasi, kwa sababu ikiinama kidogo tu umbo lote huvutika upande mmoja. Mistari ya projekta pia huwa mingi mno. Fuata ile mikubwa, zima taa ya projekta, na umalizie kwa jicho.

Ipo njia ya tatu, ambamo foto yenyewe huingia ndani ya kazi. Mmarekani Robert Rauschenberg alihamisha picha za magazeti kwa dawa ya kuyeyusha wino alipochora mfululizo wake kuhusu utenzi wa Dante, mshairi wa Italia, kati ya 1958 na 1960. Njideka Akunyili Crosby, mzaliwa wa Enugu nchini Nigeria anayeishi Los Angeles, hutumia asetoni kuhamishia foto za kifamilia na za magazeti ya Nigeria kwenye karatasi, zikajaa ukutani, sakafuni na hata kwenye nguo za watu aliowachora kwa rangi. Ukitaka kujaribu, tumia nakala ya printa ya leza au ya mashine ya fotokopi, kwa maana wino wa printa ya kawaida ya majimaji haukubali. Ilaze nakala kifudifudi juu ya karatasi nene, ilowanishe mgongoni kwa pamba yenye asetoni kidogo, sugua kwa mgongo wa kijiko, kisha inua pembe moja utazame. Picha itatoka imegeuka kulia kushoto, kwa hiyo kama ina maandishi, igeuze kwanza kwenye kompyuta. Asetoni huwaka moto upesi na mvuke wake ni mkali: fanya kazi nje au madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko na sigara.

Uamuzi wa fokasi

Hapa ndipo wengi hupita bila kuona kwamba kuna njia panda. Kamera huona vizuri kwenye umbali mmoja na kufifisha mwingine. Jicho la mtu halifanyi hivyo, kwa sababu kila linapotazama huwa limekwisha kulenga. Mchoraji anapaswa kuamua afuate lipi.

Mchoraji wa Marekani Chuck Close aliifuata kamera hadi mwisho. Katika mchoro wa uso wake mwenyewe wa 1967–68, wenye kimo cha mita 2.7 hivi na uliopo katika jumba la sanaa la Walker Art Center mjini Minneapolis, alitumia miraba na kinyunyizio cha rangi, na palipofifia kwenye foto alipafifisha vilevile. Matokeo ni uso unaokueleza, kabla ya lolote, kwamba umepita kwenye lenzi.

Richter alifanya kinyume: aliichora foto kwa makini, kisha akaburuta brashi kavu juu ya rangi mbichi hadi kingo zikayeyuka. Mtazame Onkel Rudi wa mwaka 1965, mjomba wake aliyekufa vitani, amesimama anatabasamu ndani ya sare ya jeshi la Hitler. Foto ile ingeweza kuwa kwenye albamu ya familia yoyote ya Kijerumani. Mfifio haumsafishi wala haumlaani. Unamweka mahali ambapo mtazamaji anamwona na hawezi kumshika. Kwangu mimi hili ndilo jibu safi kuliko yote kwa lile swali la mwanzo, kwa kuwa foto ilijua sura ya mjomba, na mchoro ukajua ugumu wa kumkumbuka.

Mbinu yenyewe inataka rangi ya mafuta, ambayo hukaa mbichi muda mrefu. Subiri kiasi ili rangi isiteleze ovyo, chukua brashi pana, laini na kavu, iburute mara moja kwa mwelekeo mmoja, uifute kwa kitambaa, ndipo urudie. Akriliki, rangi inayochanganywa na maji, hukauka kabla hujageuka, labda uichanganye na dawa ya kuichelewesha. Na usifiche mkono uliochorwa vibaya kwa kufifisha, hujulikana.

Foto moja au nyingi

Si lazima mchoro uwe mtoto wa foto moja. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, hutumia habari, video na michoro yake ya penseli kwa pamoja. Mwaka 2017 alikwenda na wanahabari wa televisheni kwenye mkutano wa upinzani katika Uhuru Park, na michoro iliyofuata haifanani na fremu yoyote ya video. Huichora kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kutoka Uganda, chenye matundu na mishono ambayo humlazimisha kubadili umbo. Nawe unaweza kutandaza foto sita mezani, kuchora vikaratasi vidogo kumi kutokana nazo zote, kisha kuzifungia foto kabatini na kuchorea kanvasi kutoka kwenye vikaratasi.

Ruhusa

Foto ya mwenzako ina mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001, na zote hulinda foto. Umaarufu hausaidii: mwezi Januari 2015 mahakama ya Antwerp nchini Ubelgiji ilimkuta mchoraji Luc Tuymans na kosa la kuchora foto ya mwanasiasa iliyopigwa na Katrijn Van Giel, ikakataa utetezi kwamba ilikuwa kejeli. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mwaka 2023 dhidi ya wakfu wa Warhol kuhusu leseni ya picha ya mwanamuziki Prince iliyotokana na foto ya Lynn Goldsmith. Basi omba kwa maandishi, na ueleze kama utauza. Anayepigwa naye aulizwe, hasa akiwa mtoto au mgonjwa.

Mchoro ukikauka, andika mgongoni mwa kanvasi kwa penseli laini jina la aliyepiga foto, tarehe ya ruhusa, na mahali ilipopigwa.