Kalenda ya maisha: jinsi ya kufuatilia maamuzi ya kazi ya watu wa Lubumbashi

Muulize mtu kwa nini aliacha ualimu akaanza kuuza unga, atakupa sababu safi kabisa. Sababu hiyo ameitengeneza baadaye, akijua mambo yaliishaje. Kwa hiyo tafuta tarehe kwanza, kisha njia zilizokuwapo siku ile, na sababu uiache mwisho. Anayeanza na "kwa nini" anapima ufundi wa kusimulia, hapimi uamuzi.

Hatua ya 1: Karatasi, ndiyo kalenda yenyewe. Chukua A3, uilaze kwa upana. Chora mistari mitano: makazi, familia, masomo, kazi, fedha na afya. Kila mwaka upe visanduku vinne, kimoja kwa miezi mitatu. Miaka 15 ni visanduku 60. Kila kimoja kikiwa na milimita 6, vinachukua sentimita 36, na kushoto panabaki nafasi ya kuandika majina ya mistari. Tumia penseli, maana tarehe zitasogezwa mara nyingi.

Hatua ya 2: Nguzo za kumbukumbu. Juu ya karatasi andika matukio ambayo mji mzima unayakumbuka: Mazembe kucheza fainali ya dunia na Inter, Desemba 2010, shule kufungwa Machi 2020, kura za Desemba 2018 na Desemba 2023. Kwa wazee rudi nyuma zaidi, hadi Aprili 1997, majeshi ya Kabila yalipouteka mji, au 2003 na 2004, wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walipoondoka "kwa hiari" kwa maelfu. Halafu weka nguzo za mtu mwenyewe: watoto kuzaliwa, kilio, kuhama mtaa wa Kenya kwenda mtaa wa Ruashi. Tarehe zikirundikana Septemba, shuku. Mwaka wa shule huanza hapo, na ulimi unakimbilia huko wenyewe.

Hatua ya 3: Jaza makazi na familia kabla ya kazi. Ukianza na kazi, watu hutaja zile za mshahara tu. Kuchimba, kupika mikate, kumsaidia mjomba dukani, vyote vinapotea. Kwa kila kisanduku uliza: "Wakati huo hela ya unga ilitoka wapi?" Swali hilo peke yake hufufua kazi nyingi zilizosahaulika.

Hatua ya 4: Maamuzi. Hapa ndipo penye uzito, usiharakishe. Zungushia kila badiliko duara, kisha chagua sehemu mbili ambapo hakuna kilichobadilika ingawa kingeweza. Kubaki nako ni kuamua. Kwa kila duara uliza kwa mpangilio huu: siku ile kulikuwa na njia gani nyingine? Nani alitoa shauri? Mkononi kulikuwa na faranga ngapi? Mwisho kabisa, kwa nini?

Tuseme mama wa mtaa wa Katuba anasema, "Nilipenda biashara." Tazama mstari wa fedha: mshahara wa mume ulikatika visanduku viwili kabla. Usimbishie. Uliza, "Mama, mshahara wa papa ungeendelea, ungefungua meza ile mwezi ule?" Andika jibu lake neno kwa neno. Akijibu kwamba hakukuwa na njia nyingine, uliza wenzake wa wakati huo walikwenda wapi.

Mume au bosi asiwepo karibu. Akiwepo, ahirisha.

Hatua ya 5: Rudi baada ya miezi sita. Mpe maharagwe kumi ayagawe kati ya njia anazofikiria sasa. Idadi inaonyesha anavyoegemea. Karatasi ya zamani usiionyeshe hadi mwisho, la sivyo atarudia alichosema. Sababu ikibadilika, usifute ya kwanza: weka zote mbili na tarehe zake. Hifadhi simu za ndugu watatu, kwa sababu namba hubadilika na watu huhamia Kolwezi au Likasi.

Hatua ya 6: Kuweka alama, yaani kuzipanga sababu katika makundi. Kati ya karatasi 30, watu wawili waweke alama kwenye 6 zilezile, kila mmoja peke yake. Kipimo cha kapa, kinachoonyesha wawili hao wamekubaliana kiasi gani, kikiwa chini ya 0.7, rekebisheni maana ya alama na muanze upya, msikae kushawishiana. Wala msiwapange watu mapema katika vipindi vitano vya maisha ya kazi vya Donald Super, mwanasaikolojia wa Marekani, ambapo miaka 25 hadi 44 ni ya kujiimarisha. Hapa mtu wa miaka 50 huanza upya kutoka sifuri, na mpango ule utamwita aliyechelewa wakati karatasi inaonyesha mwajiri wake aliacha kulipa.

Majina yafungiwe kwenye daftari lingine. Karatasi zibaki na namba tu.