Munich kwa hela ndogo: makumbusho, bia na mambo ya kupanga kabla hujapanda ndege

Watu wakiniuliza bajeti ya Munich, Ujerumani, wanataka nitaje euro ngapi kwa siku, mi nawauliza kwanza utakuwepo siku gani, manake mji ule ukikosea siku utalipa mara kumi kitu ambacho mwenzako kakiona kwa euro moja.

Iko hivi. Jumapili makumbusho mengi ya serikali ya jimbo la Bavaria kiingilio ni euro 1, yaani Alte Pinakothek, Pinakothek der Moderne, Museum Brandhorst, Glyptothek, na pia Museum Fünf Kontinente ambako vitu vya kwetu Afrika vipo, basi hakikisha safari yako ina Jumapili ndani, hata kama ni kusogeza tiketi ya ndege siku mbili. Maonyesho maalum yanaweza kuwa na bei yake kwa hiyo uliza dirishani. Jumatatu mengi ya hayo yanafungwa. Deutsches Museum, ile ya mashine na sayansi kwenye kisiwa cha mto Isar, haimo kwenye ofa ila Jumatatu iko wazi, iweke siku hiyo ulipe bei kamili na ushinde humo mpaka jioni.

Mi ningeanza na Alte Pinakothek saa nne asubuhi wanapofungua, kabla watu hawajajaa. Usiingie moja kwa moja, simama kwanza nje uangalie ukuta wake mrefu, katikati kuna kipande cha matofali matupu hayana pambo lolote, hapo ndipo mabomu ya vita vya pili yalipobomoa na msanifu Hans Döllgast akajaza pengo bila kuficha kovu. Ndani mtafute Dürer, mchoraji wa Kijerumani, kajichora mwenyewe mwaka 1500 akiwa na miaka 28, nywele ndefu, vidole vimeshika manyoya ya kola ya koti lake, anakukazia macho kama anakudai. Picha yenyewe ni ndogo, haifiki hata mita moja. Ile ya mchoraji Rubens ya siku ya kiyama ina kama mita 6 kwenda juu, hiyo haikupiti. Na Neue Pinakothek ya jirani usiipangie, imefungwa miaka sasa kwa ukarabati mkubwa, baadhi ya picha zake zimehamishiwa hapo Alte. Begi kubwa haliingii kwenye vyumba vya picha, uwe na sarafu ya euro 1 au 2 ya kabati, inarudi ukifungua.

Sasa bia. Jumapili maduka yanafungwa karibu yote, kwa hiyo Jumamosi pita supamaketi ununue mkate, jibini, matunda, nyanya, ubebe kwenda bustani ya bia, na hapana hawatakufukuza. Kisa chake ni cha zamani: wenye viwanda vya bia walichimba maghala kando ya mto, wakapanda miti ya kivuli juu yake ili bia isipate joto, wakaanza kuuza hapo hapo chini ya miti, wenye migahawa wakalalamika wateja wanaisha, mwaka 1812 mfalme Maximilian wa Bavaria akaamua uzeni bia ila chakula mwisho mkate. Watu wakawa wanakuja na msosi wao na mpaka leo ni haki yako, sharti ununue kinywaji chao na ukae kwenye meza isiyo na kitambaa, ile yenye kitambaa ni ya kuhudumiwa. Ukiona kibao kimeandikwa Stammtisch hiyo meza ina wenyewe, sogea mbele. Bustani ya Augustiner-Keller iko karibu na stesheni kuu, na ya Hirschgarten ina nafasi ya watu kama 8,000, kiti hukosi. Hofbräuhaus, ule ukumbi maarufu wa bia, nenda uione, piga picha, ila kunywa kwingine.

Glasi yenyewe inaitwa Maß, ni lita moja kamili, yaani chupa mbili za bia ya Safari kwa mpigo, na sehemu nyingine utaweka hela ya dhamana ya glasi, kwa hiyo irudishe. Usiye mzoefu anza na Radler, nusu bia nusu limonadi, na wasiokunywa pombe wapo wengi tu na bia zisizo na kilevi zipo kila mahali. Wasiokula kitimoto wawe makini sana, soseji na nyama nyingi pale ndo hiyo hiyo, uliza kila kitu. Kuanzia katikati ya Septemba mpaka mwanzo wa Oktoba kuna Oktoberfest, tamasha kubwa la bia, vitanda vya hosteli vinapanda bei vibaya na mwaka 2025 lita moja ilivuka euro 14, mwenye hela ndogo aende Mei au Juni.

Viza ya Schengen, ndo ya kuingilia Ujerumani, ni euro 90, na uwe na bima ya safari inayoweza kulipia matibabu ya euro 30,000 au zaidi, omba mapema. Ukitua, treni za S1 na S8 zinakufikisha mjini. Tiketi ya karatasi ikiwa haijagongwa muhuri, igonge kwenye kimashine kabla hujapanda, hakuna geti kwa hiyo mtu anajisahau, halafu wanaingia wakaguzi wamevaa nguo za kawaida na faini ni euro 60. Mkiwa wawili mpaka watano kuna tiketi moja ya kundi ya siku nzima, chukueni hiyo.