Rilizi beringi ya Volkswagen Beetle: shusha injini kwanza, spea utanunua baadaye

Mara nyingi mtu anakuja gereji kwangu Magomeni akiwa na rilizi beringi mpya, ile beringi inayoachanisha klachi ukikanyaga pedali, kwenye mfuko wa rambo. "Fundi, spea ninayo tayari, nifungie tu." Nikimuuliza amejuaje kuwa ndiyo yenyewe, ananitolea kadi ya gari: 1969. Namwomba aifunge tena vizuri na aitunze risiti. Kadi inasema gari liliundwa lini. Haisemi giaboksi iliyomo leo ilitoka kwenye gari gani, na kwa gari lenye zaidi ya miaka 50 barabarani, giaboksi huenda imebadilishwa mara mbili kabla hata wewe hujalinunua.

Naandika kuhusu Beetle kwa sababu ndiyo ninayoifungua zaidi, na kwa sababu kosa lake ni rahisi kulifanya. Kuna aina mbili za rilizi beringi ambazo ukiziona mezani zinafanana kama ndugu, lakini haziwezi kukaa nyumba moja.

Hatua ya 1: Hakikisha ni beringi kweli

Weka gari nyutro, vuta hendibreki, washa injini. Usiguse klachi. Sikiliza. Kisha kanyaga pedali taratibu kwa ncha ya kiatu. Mwanzoni pedali inashuka bure bila uzito wowote; hiyo ndiyo nafasi ya wazi. Inapoanza kuwa nzito, beringi imegusa presha pleti, ile sahani yenye vidole vya chuma inayobana klachi pleti. Mlio ukianza hapo hapo, ule wa kusaga kama mchanga kwenye sufuria, mshukiwa ni rilizi beringi. Mlio ukiwepo wakati mguu haupo na ukatoweka ukikanyaga, hilo ni tatizo la beringi ya shafti ya giaboksi, na kununua rilizi hakutakusaidia kitu.

Nafasi ya wazi inatakiwa iwe milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye pedali. Ikiwa haipo kabisa, beringi inazunguka muda wote gari linapowaka, na kipimo hiki cha masikio kitakudanganya. Rekebisha kwanza kwa ile nati yenye masikio kwenye ncha ya kebo, upande wa kushoto wa giaboksi, halafu sikiliza upya.

Hatua ya 2: Shusha injini

Sitakaa sana hapa. Toa waya wa hasi wa betri, bana mpira wa petroli, chomoa nyaya za umeme na kebo ya mafuta na za hita, kisha fungua nati mbili za chini na bolti mbili za juu kwa spana namba 17. Injini ina uzito wa zaidi ya kilo 100, kwa hiyo tumia jeki nzuri na msaidizi mwenye akili iliyotulia. Ivute nyuma ikiwa sawa kabisa hadi shafti itoke kwenye klachi. Ukiiacha ining'inie kwenye shafti unapinda klachi pleti.

Hatua ya 3: Tazama ndani ya giaboksi, kisha tazama presha pleti

Hapa usiharakishe. Shika tochi, chungulia kwenye kengele ya giaboksi, lile ganda pana injini ilipokuwa imefungwa. Katikati utaona shafti yenye meno. Je, shafti hiyo imezungukwa na bomba la chuma lililofungwa kwenye mwili wa giaboksi, au iko uchi?

Ikiwa iko uchi, una giaboksi ya mtindo wa zamani, wa magari ya hadi modeli ya 1970. Beringi yake haitelezi juu ya kitu chochote. Inabebwa peke yake na foku, ule uma wa chuma unaoisukuma, kwa masikio mawili na vibanio vya waya. Kwa kuwa hakuna cha kuiweka katikati, presha pleti yake lazima iwe na ringi ya chuma katikati, pale vidole vinapokutana. Beringi inasukuma ringi, ringi inasukuma vidole.

Ikiwa kuna bomba, una giaboksi ya mtindo uliokuja na modeli ya 1971. Beringi inateleza juu ya bomba hilo, inakaa katikati yenyewe, na uso wake wa mviringo unagusa vidole vya presha pleti moja kwa moja. Presha pleti yake haina ringi.

Kwa hiyo jozi ni mbili tu: hakuna bomba, kuna ringi; au kuna bomba, hakuna ringi. Ukichanganya, gari litawaka, litatembea, hata litabadili gia vizuri siku ya kwanza, na ndiyo maana kosa hili linawapita watu wengi.

Lilinipita na mimi. Mzee mmoja mstaafu aliniletea Beetle yake, giaboksi isiyo na bomba. Beringi nilichagua sawasawa. Presha pleti niliagiza kwa simu kutoka duka moja mjini. Ilipofika na bodaboda nikapima kipenyo cha klachi, milimita 200, sawa na ya zamani, nikafunga. Sikutazama katikati. Wiki chache baadaye mzee akarudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile kelele imerudi, na safari hii pedali inatetemeka."

Nilishusha injini kwa gharama yangu. Presha pleti haikuwa na ringi. Beringi ilikuwa ikipiga vidole ikiwa imehama upande mmoja, na kila kidole kilikuwa kimechimbwa kijishimo kinachong'aa, virefu upande wa kulia, vifupi kushoto. Ule unga wa chuma ulikuwa umejaa kwenye grisi kama pilipili manga. Vidole vile bado nimevitundika ukutani, na kijana yeyote anayeanza kazi kwangu namwonyesha kabla hajashika spana.

Hatua ya 4: Isome beringi ya zamani kabla ya kuitupa

Ifute kwa kitambaa kikavu, iweke mwangani. Alama ya msuguano kwenye uso wake inatakiwa iwe duara moja lenye upana sawa. Ikiwa upande mmoja ni pana kuliko mwingine, kuna kitu kimepinda au kimelegea: foku, bushi za shafti ya klachi, au vidole visivyolingana urefu. Beringi mpya itakufa kifo kile kile usipokishughulikia. Shika mkono wa klachi ulio nje ya giaboksi, utikise juu na chini. Mkono huo ukicheza sana, bushi imekwisha.

Rangi ya bluu maana yake imeungua. Mara nyingi ni dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali, na jiji letu linafundisha tabia hiyo: foleni ya Barabara ya Morogoro jioni, au ule mstari wa kusubiri kivuko cha Kigamboni, unasogea mita tatu, unasimama, klachi chini muda wote. Weka nyutro, toa mguu.

Kutu na grisi iliyogeuka maziwa ni maji. Aliyepita Jangwani siku ya mafuriko maji yakiwa usawa wa mlango ajue yalifika na huku pia.

Na ukiona mafuta ya injini, sili ya flaiwili inavuja. Badilisha sasa, kabla klachi mpya haijalowa.

Hatua ya 5: Nenda dukani na vitu vyako mkononi

Kariakoo na Gerezani spea hizi huwa zinapatikana, na zisipokuwepo zinaagizwa. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico tarehe 30 Julai 2003, lakini spea zinaendelea kutengenezwa. Usiende na picha ya simu peke yake. Beba beringi ya zamani na presha pleti ya zamani, hata kama mikono itachafuka. Muuzaji akikuambia "hizi zote ni za Voksi, zinaingiliana", mshukuru na umwombe azitoe zote kwenye boksi, uzilinganishe kwenye kaunta.

Kwanza ukubwa wa klachi. Injini nyingi ndogo za zamani, za 1200 hasa, zina klachi ya milimita 180. Za 1500 na 1600 ni 200. Pima kwa rula, usikisie.

Kisha ishike beringi mpya. Zungusha polepole huku umeibana kwa vidole viwili. Iliyo nzuri inazunguka laini, ikiwa na uzito kidogo, kwa sababu ndani kuna grisi. Ile inayozunguka bure kwa muda mrefu kama tairi la baiskeli huwa ina grisi kiduchu, naiogopa. Ukisikia hata chembe moja ya kukwaruza, irudishe. Itikise karibu na sikio.

Tazama maandishi. Jina la kiwanda na namba viwe vimechongwa kwenye chuma cha beringi yenyewe, vikiwa safi, na vilingane na boksi. Boksi zuri peke yake halinishawishi, feki zenye majina makubwa zipo. Kwa ile ya bomba, angalia pia ganda linaloteleza: lisiwe na ufa wala mabaki ya kalibu ukingoni.

Beringi za mtumba zilizotolewa kwenye gari jingine sinunui kabisa. Kwa taa, bampa au kioo sina neno. Lakini kitu ambacho ili kukifikia ni lazima ushushe injini, kinunue kipya, na ikiwezekana klachi pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja. Dai na vibanio vipya, vya aina yake. Vya zamani huwa vimechoka na kimoja kikichomoka beringi inaanguka pembeni ukiwa katikati ya barabara.

Hatua ya 6: Kufunga

Usiioshe beringi mpya wala ya zamani kwa petroli, dizeli au mafuta ya taa. Imefungwa na grisi yake ndani, ukiiosha umeiua. Nimeona mafundi wazuri wakifanya hivi kwa kupenda usafi. Paka grisi kidogo sana pale inapokutana na foku, hakikisha vibanio vimekaa pande zote mbili, kisha sukuma mkono wa klachi na utazame beringi ikienda na kurudi bila kukwama.

Bolti sita za presha pleti kaza kwa kupishana, mizunguko michache kila moja, na mwisho Nm 25 kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza.

Injini ikirudi, rekebisha kebo hadi pedali iwe na ile nafasi ya milimita 10 hadi 20. Tazama pia ile tyubu iliyopinda inayopitisha kebo kuingia kwenye giaboksi: mpindo wake uwe kati ya milimita 25 na 45. Ikinyooka sana klachi inashika kwa kuruka. Ikipinda kupita kiasi kebo inakatika mapema.

Ukimaliza, chukua rangi nyeupe na brashi ndogo, andika ndani ya boneti ya nyuma, sehemu isiyopata joto sana: "Giaboksi ina bomba. Klachi 200. Presha pleti bila ringi", au kinyume chake, pamoja na tarehe. Fundi atakayelifungua gari hilo baada yako hatahitaji kuiuliza kadi.