Utando wa polistirini juu ya maji: kuuchuna kwenye kioo na kujua unene wake kwa tone moja

Utando wa plastiki iitwayo polistirini wenye unene wa nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) haushikiki kwa mkono wala kwa pinseti. Maji ndiyo yanayouchuna kwenye kioo na kuutandaza, kwa sababu mvutano wa uso wa maji, takriban milinyutoni 72 kwa mita, huuvuta ukingoni pande zote.

Anza na kioo, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Osha kioo cha hadubini kwa sabuni, suuza sana, kisha pitisha asetoni na isopropano. Mwagia maji: yakitandaa kama shuka, kioo ni safi. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo na utando hautachunika, kwani maji hupenya chini yake pale tu kioo kinapoyapenda.

Yeyusha gramu 2 za polistirini ndani ya gramu 98 za tolueni, acha usiku kucha, chuja kwa kichujio cha maikromita 0.45. Mvuke wa tolueni una madhara na hushika moto upesi, kwa hiyo fanyia kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa. (Povu gumu jeupe la kufungia friji nalo ni polistirini na huyeyuka humo, ila uzito wa molekuli zake haujulikani na hesabu za mwisho hazitaaminika.) Tandaza myeyusho huo juu ya kioo kwenye mashine ya kuzungushia, mizunguko 2,000 kwa dakika, sekunde 60. Utapata kama nanomita 100, kutegemea uzito wa molekuli. Ukiongeza kasi mara nne, unene hupungua karibu nusu.

Kwa wembe, kata utando milimita 2 hadi 3 ndani ya ukingo, maana pembeni huwa mnene. Jaza bakuli pana maji yaliyotoneshwa, weka kitu cheusi chini yake na taa ya kuinamia: chini ya nanomita 50 utando karibu hauonekani. Inamisha kioo nyuzi 30 na ukizamishe polepole, kama milimita moja kwa sekunde. Utaona mstari wa maji ukitambaa chini ya utando. Mstari ukisimama mahali, subiri; ukisukuma, utando unachanika. Maji yakishapanda juu ya utando, achana nao, andaa mwingine.

Sasa weka katikati ya utando tone la maji la maikrolita 0.3 kwa sindano nyembamba. Upana wake nusu, yaani nusu kipenyo, ni kama milimita 0.5. Papo hapo mikunjo hutoka ukingoni mwa tone kuelekea nje, kama miale ya jua. Uso wa tone huvuta utando ndani. Duara linalosogea ndani lazima lifupike, na kitu chembamba hivi hujikunja kwa urahisi kuliko kubanwa.

Hesabu mikunjo kwa hadubini. Kundi la Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, lilichapisha kanuni zake mwaka 2007: idadi huongezeka kwa kipeuo cha pili cha nusu kipenyo cha tone, na hupungua kwa unene uliopandishwa kwenye kipeo cha ¾. Hivyo tone lenye nusu kipenyo mara nne hutoa mikunjo mara mbili; utando mara mbili kwa unene hubakiza takriban 60%. Urefu wa mikunjo nao hukua sambamba na nusu kipenyo. Kwa hiyo pima kwanza utando wa unene unaojulikana, kisha linganisha. Piga picha mara moja, kwani tone dogo hukauka ndani ya dakika chache na idadi hubadilika.

Mikunjo ikiwa hafifu au utando umelegea, shuku sabuni iliyobaki bakulini: mabaki kidogo tu hupunguza mvutano. Mikunjo ya upande mmoja huonyesha tone halikukaa katikati, au kuna mpasuko karibu.

Kuuchukua, ingiza chini yake kipande bapa na kigumu cha silikoni (ile ya kutengenezea chipu za kompyuta, si ya mpira) na uinue taratibu kwa mshazari, kisha kisimamishe wima. Usikipashe moto kabla maji yaliyonaswa hayajatoka, la sivyo yatachemka na kuacha mapovu.