Kemikali ikimwagika kiwandani: hatua za kuizuia isifike kwenye maji ya chini ya ardhi

Somo hili ni kwa wanaoshika zamu: wa ghalani, wa foklifti, na msimamizi wao. Mtaalamu wa mazingira hufika kemikali ikiwa imeshazama. Wewe unakuwepo ingali juu ya ardhi, na hapo ndipo kisima cha jirani kinapopona au kuharibika.

Kabla ya hatua yoyote, naomba ulishike hili: usikimbilie mpira wa maji. Niliwahi kushuhudia uma wa foklifti ukitoboa pipa la lita 200 la kiyeyushi cha kusafishia vyuma. Mwenzetu, kwa nia njema kabisa, alifungua bomba akaosha sakafu mpaka ikang'aa. Ukitazama vizuri uliona maji yakipotea kwenye ufa mwembamba wa zege, usiozidi unene wa kucha, na mengine yakiingia kwenye chemba ambayo chini yake ilikuwa udongo mtupu. Tulibaki na sakafu safi, na kiyeyushi kikawa kimetangulia ardhini.

Hatua ya 1: Watu kwanza. Ondoa watu, simama upepo unakotokea, zima kila kinachotoa cheche. Soma karatasi ya usalama ya kemikali hiyo. Ina vifungu 16: cha 6 kinaeleza la kufanya ikimwagika, cha 8 vifaa vya kujikinga, cha 9 kinataja uzito wake ukilinganishwa na maji. Huijui kemikali, au huna vifaa? Usiingie. Ita zimamoto.

Hatua ya 2: Kata chanzo. Funga vali, zima pampu. Pipa lililotoboka ubavuni, watu wawili waliovaa vifaa walizungushe mpaka tundu litazame juu. Ni kazi ya sekunde chache, na mara nyingi ndiyo inayookoa nusu ya pipa.

Hatua ya 3: Ziba njia za kwenda chini. Hapa usiwe na haraka ya kupita. Kila kiwanda kina njia nyingi kuliko wanavyodhani wafanyakazi wake: chemba, mtaro wa mvua, shimo la kunyonya maji taka, maungio ya zege, mfereji wa zamani wa nyaya. Mbaya kuliko zote ni kisima kilichoachwa bila mfuniko, kwa kuwa kinapeleka kemikali majini moja kwa moja bila udongo kuzuia chochote. Tembea na ramani ya mitaro leo, kabla hakijamwagika kitu, uweke alama ya rangi kwenye kila tundu. Siku ya tukio tumia mikeka ya mpira, mifuko ya mchanga au udongo wa mfinyanzi uliolowa. Piga tuta ukianzia upande wa chini wa mteremko, kemikali inakoelekea.

Hatua ya 4: Nyonya, kusanya. Mchanga mkavu hufaa kwa vingi. Maranda ya mbao usiyaweke kwenye asidi ya nitriki wala peroksidi, yanaweza kuwaka. Asidi izungushie tuta kwanza, ndipo utie chokaa kidogo kidogo kuanzia pembeni, maana inachemka na kurusha matone. Mchanga ulionyonya nao ni sumu, kwa hiyo uingie kwenye pipa lenye mfuniko na lebo.

Hatua ya 5: Udongo. Ukilowa, uchimbwe kabla mvua haijanyesha, uwekwe juu ya nailoni nene na kufunikwa. Shimo lisifukiwe mpaka sampuli za chini na za kuta zake zipimwe.

Hatua ya 6: Toa taarifa. Mamlaka za mazingira na maji zijue, na wenye visima upande maji yanakoelekea wajue siku hiyohiyo. Kuwaficha watu wanaokunywa maji hayo ni dhuluma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, huo uzito wa kifungu cha 9 una kazi gani?

Jibu: Unakwambia pa kuitafuta kemikali. Dizeli na petroli huelea juu ya maji ya chini. Trikloroethilini, kiyeyushi cha kusafishia vyuma chenye kilo 1.46 kwa lita, hupenya maji na kuendelea kushuka hadi igonge mfinyanzi au mwamba, ikae hapo ikiyeyuka polepole kwa miongo ya miaka. Marekani kikomo chake katika maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu). Piga hesabu: lita moja tu ikiyeyuka yote inatosha kufikisha karibu lita milioni 290 za maji kwenye kikomo hicho.

Swali: Sisi tumejengwa juu ya mfinyanzi. Si tuko salama?

Jibu: Mna muda zaidi, ndugu yangu, lakini usalama hapana. Mfinyanzi ukikauka hupasuka, mizizi huutoboa, na mitaro ya mabomba hufukiwa kwa mchanga unaopitisha maji upesi.

Swali: Ukuta wa kuzunguka matangi uwe na ujazo gani?

Jibu: Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote. Tangi la lita 10,000 linataka nafasi ya lita 11,000. Vali ya kutolea maji ya mvua ikae imefungwa daima. Nimekuta kuta nzuri ambazo vali yake iko wazi mwaka mzima.

Swali: Na ukizuka moto? Zimamoto lazima wamwage maji.

Jibu: Ndiyo, kwa hiyo maji hayo yawe na pa kuishia. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali za kilimo liliungua Schweizerhalle, karibu na Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia yalibeba sumu hadi mto Rhine, na samaki wakafa kwa mamia ya kilomita. Jenga bwawa la kuyapokea.

Swali: Tuchimbe kisima cha kupimia palepale ilipomwagika?

Jibu: Msiguse bila mtaalamu wa maji ya chini. Ukitoboa tabaka la mfinyanzi lililoishikilia kemikali nzito, umeifungulia mlango wa kushuka. Aanze pembeni, na awe na visima visivyopungua vitatu, visivyo kwenye mstari mmoja, ndipo ajue maji yanaelekea wapi.