Somo: Kuipasua 720,720 kwa kalamu na karatasi

Mama mmoja wa kikoba huku Mbagala aliniuliza: mfuko ufike shilingi ngapi ili, hata wanachama wakipungua au wakiongezeka, mgao utoke bila shilingi kubaki? Nikamwambia 720,720, mradi msizidi 16. Akacheka, akadhani namtania. Haya, tuipasue.

Hatua ya 1. Gawa kwa 2 mpaka ikatae: 360,360, halafu 180,180, halafu 90,090, halafu 45,045. Imekubali mara nne. (Hiyo 45,045 ndiyo fungu la kila mmoja wakiwa 16.)

Hatua ya 2. Jumlisha tarakimu za 45,045, unapata 18, kwa hiyo 3 inaingia. Inaingia mara mbili: 15,015, kisha 5,005.

Hatua ya 3. Gawa kwa 5. Inabaki 1,001.

Hatua ya 4. Hapa wengi hukwama, maana 1,001 ina sura ya namba tasa. Wapi! Ni 7 × 11 × 13. Na ndiyo maana 720 imejirudia: kuandika tarakimu tatu mara mbili ni sawa na kuzizidisha kwa 1,001. Ukinasa kwenye foleni ya Mwenge, soma tarakimu tatu za gari lililo mbele. Tuseme 345. Andika 345,345, gawa kwa 7 upate 49,335, kwa 11 upate 4,485, kwa 13 umerudi 345. Foleni nyingi nimezimaliza hivi, konda akinikodolea macho.

Basi 720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Humo mna kila namba kuanzia 1 hadi 16: 12 ni 4 × 3, 14 ni 2 × 7, 16 ni zile 2 zote nne. Ndiyo KDS yao (kigawe kidogo cha shirika), yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja bila baki.

Hatua ya 5. Hesabu vigawo, yaani namba zote zinazoigawa 720,720 bila baki. Kila kipeo (kile kinamba cha juu; kisipoandikwa ni 1) ongeza 1, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Chini ya 720,720 hakuna namba yenye vigawo vingi hivyo.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Nimezidisha 4 × 2 × 1 × 1 × 1 × 1 nikapata 8. Nimekosea wapi?

Marahaba. Hukuongeza ile 1. Kwenye 2⁴ unaweza usichukue 2 hata moja, au uchukue moja, mbili, tatu, au zote nne. Njia ni tano, si nne.

– Mkuu, sisi tuko 17. Ndiyo tumeachwa?

Kila mmoja 42,395, na zinabaki shilingi 5 za kugombea. Namba 17 ni tasa na haimo kwenye mpasuo wetu, kwa hiyo zidisha yote kwa 17: 12,252,240. Hapo hata mkiwa 18 sawa tu, kwa kuwa 2 na 9 tayari zimo.

– Akija wa 19?

Mwambieni asubiri mzunguko ujao.