Nyumba za miaka ya 1950 na 1960 hapa Mombasa: vipi kununua, kutunza na kuuza bila kuua upepo wake

Ukiniambia kuna nyumba ya zamani yauzwa Tudor, Kizingo au Ganjoni, ile yenye baraza refu, slabu nyembamba za zege juu ya madirisha kuzuia jua, ukuta wa matofali ya matundu kwenye ngazi na sakafu ya terazo, ile ya vipande vya mawe ndani ya simiti iliyosuguliwa, kitu cha kwanza nitakwambia nenda saa nane mchana. Usiende asubuhi na dalali, wala jioni jua likishapoa. Saa nane mwombe mwenyewe azime feni zote, mfungue madirisha na milango ya ndani, halafu ukae sebuleni robo saa bila kusema kitu. Upepo ukipita, ukiona pazia linatikisika na jasho linakauka shingoni, basi hiyo nyumba iko hai na yaliyobaki yanarekebishika. Usipopita, simama uanze kutafuta nani aliuziba, maana asilimia kubwa ya nyumba hizi hazikuzaliwa na joto, zimezibwa na watu baadaye.

Wachoraji wa nyumba wa wakati ule walikuwa wanachora kwa hali ya hewa, AC ilikuwa ya wachache. Ernst May, yule Mjerumani aliyekuja Afrika Mashariki 1934, ndiye aliyechora hoteli ya Oceanic hapa Mombasa. Kiwanda cha simiti cha Bamburi nacho kikaanza kazi 1954, zege likawa karibu, na kuanzia hapo mpaka baada ya Uhuru wa 1963 zikajengwa nyumba na flati nyingi za namna hii. Hesabu yao ilikuwa nyepesi tu. Kusi yavuma kutoka kusini mashariki kama Aprili mpaka Septemba, kaskazi yaja kutoka kaskazini mashariki Desemba mpaka Machi, kwa hivyo vyumba vya kukaa na kulala vikaelekezwa huko, na upande wa magharibi wakaweka bafu, stoo, ngazi, ukuta mzito, kwa sababu jua la saa kumi ndilo linalochoma. Kwa hivyo beba simu yako, fungua dira, uangalie kila dirisha linatazama wapi. Nyumba nyingi nzuri utaiona hesabu hii hapo hapo.

Sasa ugonjwa mkubwa wa nyumba hizi ni nondo, vile vyuma vilivyo ndani ya zege. Hapa sitakimbia, kwa sababu hapa ndio watu wanaibiwa.

Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inaingia kwenye zege pole pole, ikifika kwenye chuma kinaanza kuoza, na chuma kikioza kinavimba, kikivimba kinapasua zege kutoka ndani. Pa kuangalia ni chini ya baraza la juu, chini ya zile slabu za madirisha, na kingo za ngazi za nje. Tafuta mstari wa rangi ya kahawia, ufa unaofuata njia moja iliyonyooka, na sehemu iliyopakwa rangi mpya peke yake ilhali pembeni ni ya zamani. Chukua mpini wa nyundo ugonge taratibu. Zege zima linajibu kavu na kwa nguvu, lililoachana na chuma linajibu wazi kama unagonga debe tupu. Gonga kila nusu mita, tia alama ya chaki palipolia vibaya, upige picha. Hizo chaki ndizo zitakusaidia kwenye bei.

Sisi nyumbani Tudor tulidanganyika. Fundi mmoja alikuja akapiga plasta juu ya kutu, akapaka rangi, tukamlipa tukafurahi, mvua za masika mbili tu kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka barazani, mahali watoto wanapochezea kila jioni. Tukamwita mzee mmoja aliyekuwa akijenga tangu ujana wake, akapanda ngazi akaangalia, akashuka akaniambia, "Mwanangu, hii haikutibiwa, ilifunikwa." Nikamuuliza, "Sasa mzee wangu, tuibomoe?" Akasema hapana, tuifungue.

Na kuifungua ni hivi. Vunja zege bovu mpaka uione nondo yote, na nyuma yake vidole viweze kupita, usiishie pale kutu inapoonekana, endelea mpaka ukute chuma kisafi. Piga brashi ya waya mpaka kutu iishe, osha kwa maji matamu yasiyo na chumvi, iache ikauke, paka dawa ya kuzuia kutu, ndio uanze kurudisha zege. Mchanga uwe wa mto, kamwe usikubali mchanga wa pwani hata ukiambiwa umeoshwa. Na maji, jamani maji, hapa Mombasa nyumba nyingi zina kisima na maji ya kisima yana chumvi, fundi atachota hapo kwa sababu yako karibu, na hapo umeirudisha chumvi ile ile ndani kwa mikono yako. Nunua maji matamu ya mikokoteni ikibidi. Halafu funika na magunia mabichi siku saba, uyamwagie asubuhi na jioni. Nondo ikiwa imekonda sana au ufa uko kwenye nguzo au boriti inayobeba nyumba, hiyo si kazi ya fundi peke yake, tafuta injinia aliyesajiliwa kabla hujatoa hata shilingi ya kununua.

Juu ya paa siendi mbali. Vigae vya Mangalore, vile vya udongo, vikivunjika vinabadilishwa kimoja kimoja, kwa hivyo ukiona mtu anauza vya zamani nunua uweke. Lakini ukikuta asbesto, usiivunje, usiikate, usiwape vijana waishushe na nyundo, ile vumbi inaua mapafu na kuiondoa kunataka mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Gharama yake itoe kwenye bei kabisa.

Kwenye karatasi, wakili wako afanye sachi mwenyewe, yaani achunguze mwenye mali ni nani kwenye rejista ya ardhi, usikubali kopi ya sachi kutoka kwa dalali. Angalia kama ni frihodi, ardhi yako moja kwa moja, au lisi, ardhi ya kukodi kwa miaka, na kama ni lisi imebaki miaka mingapi, kwa sababu lisi ya miaka 99 iliyotolewa miaka ya hamsini imekaribia kuisha na watu wanaisahau. Hakikisha reti za kaunti na kodi ya ardhi zimelipwa, na kama muuzaji ana mke au mume pata idhini yake kwa maandishi. Halafu kuna mambo mawili ya hapa kwetu. La kwanza, Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba bila ardhi, anauza kuta na paa huku ardhi ni ya mwengine na kila mwezi kuna kodi ya kiwanja, na ardhi nyengine ni ya wakfu, hiyo haiuzwi milele. Uliza wazi wazi, "Yauzwa nyumba au yauzwa na ardhi yake?" La pili, nyumba nyingi za umri huu ziko mikononi mwa warithi, mmoja yuko hapa, mmoja Muscat, mmoja Uingereza, na anayekuonyesha nyumba anaweza kuwa mmoja tu kati ya saba. Bila mirathi kupita mahakamani, na kwa Waislamu mara nyingi ni kwa kadhi, na warithi wote kutia sahihi, usilipe deposit hata wakikuapia. Jipangie pia ushuru wa stempu, mjini ni asilimia 4 ya thamani na unalipa wewe mnunuzi.

Ukishaipata, usiiguse mwaka mzima. Nasema kweli, ishi nayo kusi na kaskazi, ujue wapi panavuja na chumba gani kinapata upepo saa ngapi, kwa sababu makosa yote makubwa hufanywa mwezi wa kwanza na mtu mwenye hela mkononi.

Kosa la kwanza ni kung'oa luva, yale madirisha ya vipande vya vioo vinavyofunguka pamoja kwa kipini. Najua vioo vyake vinakusanya vumbi na wezi walikuwa wanavichomoa, lakini luva ikifunguka inafunguka yote, dirisha la alumini la kusukuma pembeni likifunguka ni nusu tu, yaani umenunua dirisha jipya ukatupa nusu ya upepo. Wezi wanazuiliwa na grili kwa ndani, mbu kwa wavu, vipini vilivyokufa vinapatikana ukizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi na kwenye nyumba zinazobomolewa. Kosa la pili ni kuziba matofali ya matundu ili upate chumba cha ziada. Ile ngazi yenye matundu ndiyo pua ya nyumba, hewa ya moto inapanda na kutokea pale.

Terazo nayo, kabla hujaweka vigae juu yake, ngoja. Na kama mtu alishaweka, nenda chumba ambacho hakionekani, inua kigae kimoja kwenye kona. Mimi niliinua kimoja chini ya kabati, nikapangusa na kitambaa kibichi, ikatoka kijani na vipande vyeupe na kistari cha shaba katikati kinachong'aa, nilikaa pale chini muda mrefu nikiitazama. Inasuguliwa kwa mashine na maji, kuanzia jiwe kali kwenda laini, nyufa zinajazwa simiti ya rangi ile ile. Baada ya hapo ni maji na sabuni laini tu. Asidi ya chooni, siki, ndimu, vyote vinakula yale mawe, mwambie na dada anayesafisha.

Kuta za mawe ya matumbawe zinanyonya na kutoa unyevu, kwa hivyo ukizifunika na rangi ya plastiki nzito chumvi inakwama na plasta inavimba kama ngozi iliyoungua. Chokaa inapumua. Paka chokaa nje na ndani, juu ya plasta iliyokauka vizuri, utapaka tena baada ya miaka michache lakini ukuta utakuwa mzima. Milango ya mvule au mbambakofi usiibadilishe na ya kiwandani, ikiwa imeliwa na mchwa chini, kata kipande kibovu uunge kipya.

Siku ya kuuza dalali atataka kuandika "ploti nzuri, nyumba ya zamani ya kubomoa", kwa sababu mwenye kujenga ghorofa kumi analipa haraka. Ni haki yako kumuuzia, lakini kama wataka nyumba ibaki mtafute anayeitaka nyumba. Piga picha asubuhi madirisha yakiwa wazi, toa zulia terazo ionekane, na mteja umlete saa nane mchana, feni zimezimwa. Faida ya mauzo inakatwa kodi ya asilimia 15, ila nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza inasamehewa, na kama husamehewi basi risiti za matengenezo zinapunguza ile faida, kwa hivyo za nondo, za paa, za terazo zote zitie kwenye faili moja tangu siku ya kwanza. Faili hilo likae pamoja na ramani ya asili kama ulibahatika kuirithi, na boksi la vioo na vipini vya luva ulivyokusanya, umpe mnunuzi siku ya kumkabidhi funguo.